Kibofu kikitolewa, nguvu za kiume hurudi?

Dada wa Masasi, umeuliza kama mzee wako akitolewa kibofu kwa saratani huku mishipa ya fahamu ikiachwa, mambo ya chumbani yatarudi, na kama saratani haitapata mwanya.

Mishipa hiyo, ndiyo inayosaidia uume kusimama, imepita ubavuni mwa tezi dume, kushoto na kulia. Upasuaji wa kawaida kwa mwanaume huondoa kibofu pamoja na tezi dume, ndiyo maana mishipa hiyo hukatwa kirahisi. Daktari Patrick Walsh wa Marekani alionyesha namna ya kuilinda miaka ya 1980. Ikiachwa, nguvu zinaweza kurudi, ila polepole, pengine mwaka mmoja au miwili. Umri mdogo na afya nzuri kabla ya kisu huongeza nafasi, kisukari huipunguza. Vidonge vya sildenafili (vya kusaidia uume kusimama, kama Viagra) navyo hufanya kazi vizuri zaidi mishipa ikiwepo. Shahawa hazitoki tena, lakini raha ya kufika kileleni inaweza kubaki (hili madaktari wengi hawalisemi, sijui aibu!).

Saratani je? Kwa waliochaguliwa vizuri, haijaonekana kurudi zaidi kuliko mishipa ikikatwa. Ila ikiwa imeshatoboa ukuta wa kibofu upande wa mishipa, msing'ang'anie kuiacha. Huku kwetu Kusini kichocho cha mkojo huleta saratani ya kibofu ambayo mara nyingi hugunduliwa imeshakua sana. Kwa hiyo mkienda Hospitali ya Ligula, Mtwara, kuomba rufaa, ulizeni majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yanasema ni aina gani, na kipimo cha picha cha CT kinaonyesha imefika wapi.