Maswali Yenu: Masanduku ya Baba na Hifadhi ya Chuo

Marehemu baba alifundisha chuo kikuu miaka mingi. Ametuachia masanduku matatu ya karatasi, na hifadhi ya nyaraka ya chuo iko tayari kuyapokea. Dada yangu anataka tuyapange kwanza kwa tarehe, tusije tukaaibika. Tufanye hivyo?

Poleni kwa msiba, na tafadhali mzuieni dada. Mpangilio aliouacha marehemu ni ushahidi, kama yalivyo maandishi yenyewe. Barua ya mkulima inayoeleza mvua zilivyochelewa, ikikutwa imebanwa nyuma ya rasimu ya ripoti ya utafiti, inatuonyesha takwimu za ripoti ile zilitoka wapi. Ihamishieni kwenye furushi la "barua za mwaka ule" na hakuna atakayejua tena kwamba viwili hivyo vilihusiana. Kanuni ya kutochanganya karatasi za mwenyewe mmoja na za mwingine iliwekwa rasmi Ufaransa mwaka 1841. Mwongozo wa Waholanzi wa mwaka 1898 ulikazia kwamba hata mpangilio wa ndani uheshimiwe. Watunza nyaraka wanazifuata zote mbili hadi leo.

Kazi yenu ni ndogo kuliko mnavyodhani. Pigeni picha kila sanduku likiwa wazi kabla hamjaingiza mkono. Lipeni namba, kisha andikeni kwa penseli kwenye kikaratasi lilikaa chumba gani na baba alilitumia kwa kazi gani. Raba bendi zilizoanza kunata ziondoeni, maana mpira ukizeeka huyeyuka na kuacha mstari wa kahawia usiotoka, lakini kilichokuwa kimefungwa pamoja kibaki pamoja ndani ya karatasi safi iliyokunjwa. Klipu yenye kutu msiivute, itaondoka na kipande cha karatasi. Ingizeni plastiki nyembamba kati yake na karatasi, mbele na nyuma, ndipo muitelezeshe juu ya plastiki hiyo. Palipochanika paacheni palivyo. Gundi ya seloteipu hupenya kwenye nyuzi za karatasi na kugeuka njano, na kuitoa ni kazi ya fundi mwenye kemikali zake.

Msitupe "takataka" pia. Risiti, ratiba za safari za utafiti na daftari la mahudhurio mara nyingi huwa na faida kuliko hotuba iliyochapwa vizuri, kwa sababu hotuba ina nakala kwingine. Mkiona alama za mitihani au barua za kupendekeza wanafunzi, waambieni wapokeaji mapema ili mafaili hayo yafungwe kwa muda, wasomaji wasiyaone.

Hati ya makabidhiano isomeni yote. Karatasi ni kitu kimoja na hakimiliki ya maneno yaliyomo ni kitu kingine, na mnaweza kutoa cha kwanza mkabaki na cha pili. Kifungu ambacho familia nyingi hukiruka ni kile kinachosema vitu visivyohitajika vitarudishwa kwenu au vitateketezwa. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Bomba limepasuka kwenye masjala ya idara, mafaili ya miaka mingi yamelowa. Tuyaanike juani?

Hapana. Jua hukunja karatasi na kufifisha wino. Saa zenu zinahesabika: ukungu huanza kati ya saa 48 na 72, na mapema zaidi penye joto. Hakikisheni umeme umezimwa kabla ya kukanyaga maji. Baada ya fundi kuruhusu, tumieni feni zisizoelekezwa moja kwa moja kwenye karatasi, na fungueni madirisha ikiwa hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani.

Faili lililolowa msilifunue mkiwa mmelisimamisha. Karatasi iliyojaa maji haina nguvu, huraruka kwa uzito wake yenyewe. Libebeni juu ya ubao au trei, na namba yake iende nalo. Kama mafaili ni machache, yagaweni katika matabaka yasiyozidi nusu sentimita juu ya karatasi za kunyonya maji zisizo na maandishi, mzibadilishe kila zinapolowa. Magazeti ya habari yaliyochapwa yasitumike, wino wake huhamia. Karatasi za kung'aa ndizo za kushughulikia kwanza, kwa sababu zikikauka zimegusana hugandana kuwa tofali.

Yakiwa mengi kuliko mikono, yagandisheni kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kugandisha hakukaushi, ila kunasimamisha ukungu na wino unaotembea, na mnapata wiki au miezi ya kutafuta huduma ya kukausha karatasi zikiwa zimeganda, ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Picha za zamani zilizopigwa kwenye vipande vya kioo zisiingie humo kamwe.

Negativu za sherehe za mahafali zinanuka siki. Ni dawa gani?

Hakuna dawa. Mkanda wa asetati, aina ya plastiki ya mikanda ya picha, unapoanza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo huharakisha kuoza kwake na kwa mikanda ya jirani. Ndiyo maana kopo lililofungwa kabisa ni kosa: mnauchemsha mkanda kwenye supu yake. Zitengeni na nzima, ziwekeni kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mahali baridi na pakavu. Zipitisheni kwenye skana sasa hivi zingali bapa, kwani hatua inayofuata ni kusinyaa, na tabaka lenye picha huanza kukunjamana na kubanduka.

Tazameni pia ukingo wa mkanda. Ukikuta neno SAFETY, si naitreti, aina ya mkanda wa zamani ulio hatari. Usipolikuta, na mkanda ni wa kabla ya miaka ya 1950, mwiteni mtaalamu kabla ya kuusogeza: naitreti hushika moto upesi na huendelea kuwaka hata ikizamishwa majini.

Tumeshaskani kila kitu. Tuchome karatasi?

Msichome. Skana haioni alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi, ile inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga, wala maandishi ya penseli yaliyofutwa, na faili la kompyuta huharibika kimya kimya. Hifadhini TIFF (aina ya faili la picha lisilopoteza ubora) ya dpi 400, yaani nukta 400 kwa kila inchi, kwa maandishi, nakala tatu, moja ikiwa jengo jingine, na mhakiki kila mwaka kwamba hakuna kilichobadilika.

Nilitafuta jina la babu kwenye katalogi ya hifadhi ya chuo. Alifanya kazi ya uashi kwenye ujenzi wa chuo hicho, lakini sikupata chochote. Ina maana hayumo?

Haina maana hiyo. Katalogi ya nyaraka haiorodheshi kila karatasi kama maktaba inavyoorodhesha kila kitabu. Huanza na mkusanyo mzima, ikashuka kwenye mfululizo, kisha faili, na mara nyingi huishia hapo. Jina la mwashi liko ndani ya faili ambalo juu limeandikwa tu "Ujenzi, malipo ya wiki".

Kwa hiyo acha kutafuta jina, tafuta ofisi iliyokuwa na sababu ya kuliandika. Nani alilipa mishahara, chuo au mkandarasi? Kama ni mkandarasi, daftari lake huenda liko kwenye mikusanyo ya eneo, ambayo vyuo vingi huitunza pamoja na karatasi zao: vitabu vya ushirika, rejista za makanisa na misikiti, ramani za viwanja, hesabu za viwanda vilivyofungwa. Soma maelezo ya historia yaliyo mwanzoni mwa kila mwongozo wa mkusanyo. Hapo ndipo utajua nani alirithi majukumu ya nani.

Ukimwandikia mtunza nyaraka, mpe miaka, kazi aliyofanya, jengo kama unalijua, na tahajia zote za jina, maana karani aliandika alivyosikia. Agiza maboksi siku kadhaa kabla. Njoo na penseli, mikono ikiwa safi na mikavu. Glavu ni za picha, kwa karatasi hufanya vidole kuwa vizito. Na kila unachokiona kinakuhusu, andika namba ya mkusanyo, boksi na faili kabla hujafunua ukurasa unaofuata.