Kwa binti yangu aliye Goma: kuhusu chaguwa (mitumba), sindano na sabuni

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Bukavu. Hapa tu wazima, koko (bibi) yako naye anaendelea vizuri na anakusalimia sana. Ujumbe wako niliupata Jumapili baada ya misa, na sikutaka kuujibu kwa simu, maana swali lako linahitaji mtu akae chini.

Unasema umepata nyumba ya kupanga kule Himbi, vyumba viwili, na mshahara wa kwanza umeingia. Wenzako kazini wanakushauri uchukue mkopo ununue saloni mpya (viti vya sebuleni), friji na nguo za dukani, kwa sababu eti mtu wa ofisi havai chaguwa. Nawe unauliza: "Mama, mlitulea kwa vya chaguwa na vya kushona nyumbani. Ilikuwa ni shida tu, au naweza kuendelea hivyo hata sasa nikiwa na mshahara? Na nikiendelea, nianzie wapi?" Mwishoni umekumbuka pia sabuni ya mawese ya koko.

Shida ilikuwepo, sitakuficha. Lakini hata mwezi ambao baba yako alilipwa vizuri, nilipanda soko la Kadutu kama kawaida. Nilikuwa natafuta kitu kilichotengenezwa vizuri, na dukani, kwa pesa yangu, sikukipata. Shati lililovaliwa na mtu mwingine, likafuliwa miaka, likakandamizwa ndani ya balo, yaani robota, la kilo 45, likavuka bahari, na bado mshono wake umeshika, hilo limekwisha kufanya mtihani. Shati jipya la bei ya chini utalifanyia mtihani wewe, kwa pesa yako.

Kwa hiyo ndiyo, endelea. Ila ujue kwamba bei ndogo peke yake haimfanyi mtu kuwa mwekevu. Nimeona wanawake wakirudi na mifuko mitatu ya nguo za bei ya bure, na baada ya mwezi zote zimekuwa matambara ya kupigia deki. Nunua kitu ambacho unajua kimetengenezwa kwa malighafi gani, na ambacho kikiharibika kinaweza kufumuliwa, kufunguliwa na kutengenezwa.

Nianze na nguo, maana hapo ndipo wengi wanadanganywa na macho yao.

Fika asubuhi siku balo linapofunguliwa. Wauzaji wa kudumu wana siku zao, na ukishakuwa mteja wa mtu atakupigia simu mwenyewe. Balo likikatwa kamba, wachuuzi wanachukua nzuri za kwanza, wanafuata wateja wa mapema, na ifikapo mchana zinabaki za kumwagwa chini kwa bei moja. Rundo la mchana usilidharau, vitambaa vya kukata vinapatikana humo. Lakini shati la kazini ulitafute asubuhi.

Ukilishika, rangi iache kwanza. Ligeuze ndani nje. Tazama makwapa, kola pale inapokunjika, na ncha za mikono. Linyanyue kuelekea jua: nondo akiwa amepita utaona vitundu vidogo vya mwanga. Vuta mshono wa ubavuni kwa vidole viwili. Ukifunguka na kuonyesha uzi, liache. Suruali uitazame kati ya mapaja, na zipu uipandishe na kuishusha mbele ya muuzaji; mimi zenye chapa ya YKK ndizo ninazoziamini. Kifungo kilichopotea ni sababu ya kupunguziwa bei tu. Doa la kutu au la wino ni sababu ya kuondoka.

Lebo ikiwa imekatwa, omba uvute uzi mmoja kutoka kwenye upindo wa ndani, usogee mbali na marundo, uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka haraka, hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na moto wake huzimika wenyewe. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu ambacho vidole haviwezi kukisaga. Kwa baridi ya jioni ya huko kwenu, sweta ya sufu iliyojificha kati ya za poliesta ni pesa ya kuokota.

Kuhusu macho ya watu wa ofisini, mwanangu, jibu liko mabegani. Hakuna anayesoma lebo ya shati lililofuliwa, likapigwa pasi, likakukaa sawasawa. Watu hutambua kwamba nguo si yako pale mshono wa bega unapoangukia kwenye mkono. Fundi atapunguza ubavu na urefu kwa pesa kidogo. Bega ni kazi kubwa na mara nyingi halirudi vizuri. Chagua kwa bega, mengine yote yanatengenezeka.

Na nguo yoyote isiingie kabatini kabla ya maji ya moto na sabuni, jua la siku nzima, halafu pasi ya moto iliyokandamizwa juu ya mishono, kwa sababu chawa wa mwili hutaga mayai humo. Umeme ukikatika, pasi ya makala (mkaa) inafanya kazi hiyo hiyo. Sufu ndiyo usiitie maji ya moto, itanywea; ianike juani na uipige pasi juu ya kitambaa chenye unyevu.

Vingine sinunui vya kutumika hata nikibembelezwa: godoro, kwa ajili ya kunguni, nguo za ndani, na kofia ya pikipiki, kwa maana ikishaanguka inaweza kuwa imevunjika ndani bila kuonekana. Ongeza zile sufuria nzito zinazoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, ingawa zinauzwa mpya. Katika chakavu kunaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, nayo huingia zaidi katika chakula kichachu kama tomati. Nunua moja ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) iliyotumika, uisugue, itakuzika.

Kwenye viti na meza ndipo utaokoa pesa nyingi. Saloni ya mkopo, inua mto wake ugonge mbao iliyo chini. Mara nyingi utakuta ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Likilowa linavimba, na skrubu haishiki tena. Meza ya libuyu, ile mbao ngumu, yenye mikwaruzo, fundi ataipiga msasa na kuipaka vernisi (vanishi), na wajukuu wangu wataandikia juu yake. Pindua kila kiti uone miguu imeunganishwaje: ulimi wa mbao ukiingia ndani ya tundu, hiyo ni kazi ya fundi, misumari mitupu ni kazi ya haraka. Goma ni mji wa mashirika, watu huja na kuhama. Wanaohama huuza upesi na kwa bei nzuri. Waulize walinzi wa mageti, wao ndio wanaojua nani anafunga mizigo. Na ile pesa ambayo ungelipa mkopo kila mwezi, iingize katika likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, na wanawake unaowaamini. Zamu yako ikifika, utanunua kitu kimoja kizuri bila kudaiwa na mtu.

Sasa kazi za mikono. Kola ya shati huchakaa pale inaposugua shingo, huku shati lote likiwa zima. Kabla ya kugusa kitu, weka alama ya pini katikati ya kola na katikati ya mkanda wa shingo. Alama hiyo ukiiruka, shati litakaa upande. Fumua kwa wembe pale tu kola inapoingia katika mkanda. Igeuze ili upande uliochakaa uangalie chini, irudishe alama kwa alama, ishikize kwa mishono mirefu ya mkono, halafu shona juu ya mstari ule ule wa zamani. Shuka nalo huanza kufa katikati. Likikonda pale unapolala, kabla halijapasuka, likate kwa urefu, zile kingo ambazo bado ni nzima uzilete katikati uziunganishe kwa mshono bapa, kisha upinde kingo mpya. Hilo fanya mapema, maana likishapasuka umechelewa.

Sabuni ya koko ni hii: mawese kilo 1, sude (soda kali ya kutengenezea sabuni) gramu 134, maji gramu 300. Vyote upime kwa mizani, hata maji, kwa kuwa sude ikizidi sabuni itachoma ngozi. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto wa jirani wakae mbali. Sude ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, polepole. Kamwe usimimine maji juu ya sude, itachemka na kukurukia. Tumia chombo cha inoksi au ndoo ngumu ya plastiki. Alumini huliwa na sude. Maji yatapata moto yenyewe. Yaache yapoe mpaka ukigusa ndoo kwa nje haikuunguzi, na mawese yaliyoyeyushwa yawe vuguvugu vilevile, ndipo umimine maji hayo ndani ya mafuta huku unakoroga. Ikiwa nzito kiasi kwamba tone linaacha alama juu kabla ya kuzama, mimina katika boksi la mbao lililotandikwa nailoni. Ikishaganda kata vipande, vipange penye hewa, usivitumie kabla ya wiki 4. Itabaki na rangi ya machungwa. Wanaoitaka nyeupe huchoma mafuta kwanza kwa moto mkali. Usifanye hivyo ndani ya nyumba ya kupanga, mafuta yanaweza kuwaka. Na kwa mtu mmoja aliye kazini siku nzima, sabuni hii haina faida kubwa. Itengeneze mkiwa wawili au watatu, mgawane, la sivyo nunua tu ya sokoni.

Jambo moja ambalo wenzako wanaweza kukuambia lina ukweli ndani yake: chaguwa imeumiza viwanda vyetu vya nguo. Tulikuwa na Filtisaf ya Kalemie na Sotexki ya Kisangani, na vikwembe (vitenge) vya Sotexki mama zangu walivivaa kwa fahari. Lakini chaguwa haikuviangusha peke yake. Kulikuwa na mali za wageni zilizonyang'anywa na kugawanywa mwaka 1973, uporaji wa 1991 na 1993, vita vilivyoanza 1996, barabara zilizokufa, na vitambaa vya bei rahisi kutoka ng'ambo. Jirani zetu wa Rwanda walijaribu dawa nyingine: mwaka 2016 ushuru wa nguo za mtumba waliupandisha kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 Marekani ikawaondolea nafasi ya kuingiza nguo zao kule bila ushuru. Mambo hayo yanaamuliwa na serikali. Kwangu mimi ninagawanya: shati, suruali na sweta natoa kwenye balo, lakini kikwembe cha harusi na cha misa nampelekea fundi wa mtaani kwetu, nami namlipa bila kumbana. Ninakuomba nawe ufanye hivyo. Mtafute fundi mmoja huko Himbi, mzoeane, kwa sababu ndiye atakayekutengenezea hizo suruali za chaguwa pia.

Pazia usinunue. Nimekuwekea shuka mbili nzito za pamba, rangi ya udongo, na cherehani yangu iko tayari. Nitumie vipimo: upana wa fimbo, wala si wa dirisha, nami nitazidisha mara mbili ili kitambaa kikunjike vizuri, na urefu kuanzia fimbo mpaka pale unapotaka liishie. Pima kwa futi ya fundi, usipime kwa shibiri. Niambie pia kama jua la asubuhi linapiga upande huo, ili nitie kitambaa cha pili kwa nyuma. Nikimpata mtu wa kuaminika anayepanda meli wiki ijayo, atakuletea pamoja na lita za mawese.

Mama yako