Mota Ipi kwa Roketi Ipi? Maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kwenye mota, yaani bomba la fueli linaloisukuma roketi, pameandikwa H150-10. Maana yake nini? (Msomaji, Uyole)

Herufi inaonyesha nguvu yote iliyomo. H ina zaidi ya nyutoni-sekunde 160 (msukumo ukizidishwa kwa sekunde unazodumu) hadi 320, I inaishia 640, J 1,280. Kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. Kwa hiyo H mbili zinaweza kuachana karibu mara mbili, na ndiyo maana usinunue kwa herufi peke yake. 150 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. 10 ni sekunde za kusubiri, kuanzia fueli inapoisha mpaka parachuti inaposukumwa nje.

Roketi yangu ina kilo 1.5, mota ikiwemo. Nianze na ipi? (Msomaji, Iringa mjini)

Zidisha 1.5 kwa 9.81: uzito ni nyutoni 14.7. Msukumo usipungue mara tano ya uzito, yaani nyutoni 74 hivi. Wengi hukomea hapo, na hapo ndipo roketi nyingi huharibikia, kwa sababu hawajaipigia hesabu reli, ile nguzo inayoiongoza roketi inapoanza kupaa.

Mapezi, vibawa vya mkiani vinavyoinyoosha roketi, hayafanyi kazi mpaka hewa ipite kwa kasi ya kutosha. Ikiacha reli ikiwa bado inajikongoja, upepo mdogo tu unailaza. Tuseme ina mita 1.5 za kupanda kabla kishikizo cha juu hakijatoka kwenye reli. Kwa msukumo wa 75, toa 14.7, gawa kwa 1.5, upate mchapuko (kasi inavyoongezeka kila sekunde) wa 40. Zidisha kwa 2, kisha kwa 1.5, utafute kipeuo cha pili: mita 11 kwa sekunde. Haitoshi, sisi tunataka 15 au zaidi. Kwa msukumo wa 150, hesabu ileile inakupa 16. Hiyo H150 inakufaa. Ila tazama na mchoro wa msukumo wa mota: zipo zinazoanza polepole, na roketi ikiwa kwenye reli wastani hauisaidii kitu. Ukiwa Makambako, ambako upepo haulali, ongeza urefu wa reli kwanza kabla ya kuongeza mota.

Mbeya tuko juu sana. Inabadilisha chochote? (Msomaji, Mbalizi)

Inabadilisha. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Roketi itapanda zaidi ya ulivyotegemea, lakini parachuti iliyopimwa kushuka mita 6 kwa sekunde itashuka 6.5, na pezi la plaiwudi linaweza kupasuka kwenye udongo mkavu wa Agosti. Mapezi nayo hushika hewa kidogo, sababu nyingine ya kutaka kasi nzuri mwishoni mwa reli. Programu ya OpenRocket ni ya bure: jaza mwinuko wa uwanja wenyewe, usiiache kwenye sifuri. Mkihamia bonde la Usangu, ambako ni chini zaidi, pigeni hesabu upya.

Nilitoa H nikaweka J. Ilipaa kidogo ikaanza kupinduka. Kosa liko wapi? (Msomaji, Njombe)

J ni nzito, na uzito huo umekaa mkiani. Weka mota iliyojaa, funga parachuti kama ya kurusha, kisha ining'inize roketi kwa kamba mpaka ilale sawa. Pale kamba ilipo ndipo kitovu cha uzito, kipige alama. Kinatakiwa kiwe mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa (pale msukumo wote wa hewa unapokusanyikia) kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba: bomba la milimita 75, basi milimita 75. Umbali huo ukipungua, ongeza uzito kwenye ncha, halafu rudia hesabu ya mara tano.

Pima na uwanja pia. Kutoka mita 1,000, kwa mita 6 kwa sekunde, parachuti inakaa hewani sekunde 167. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka zaidi ya mita 800, kwenye mahindi ya watu. Kama uwanja ni mdogo, H inatosha kabisa.

Kamba ya parachuti ilichana bomba kuanzia mdomoni, kama zipu. Ni mota? (Msomaji, Tukuyu)

Ni sekunde za kusubiri, zilikuwa chache mno. Parachuti ilitoka roketi ikiwa bado kwenye kasi, kamba ikakata karatasi. Zikizidi, roketi inarudi kichwa chini na parachuti inararuka. Chagua namba inayoangukia karibu na kileleni.

Tunaweza kujichanganyia fueli shuleni? (Msomaji, Mafinga)

Hapana. Mchanganyiko wenye ufa mmoja ndani unaweza kuwaka kwa kasi kupita kiasi, na bomba likawa vipande vinavyoruka. Tumieni mota za kiwandani. Zinasafirishwa kama mzigo wa mlipuko, hazipandi ndege za abiria, kwa hiyo shughulikieni vibali kabla ya kuagiza, na ruhusa ya anga kwa TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kabla ya kurusha. Mkae mbali na njia ya ndege za uwanja wa Songwe, na nyasi kavu zifyekwe pande zote za reli.