Mapenzi yajadiliwe, na wivu uhojiwe
Wiki hii mmetuuliza: je, ni sawa wanafunzi kujadili darasani maana ya mapenzi, au ni kupoteza vipindi? Mimi ni mwalimu wa sekondari, na nasema wajadili, tena wabishane hasa. Wakikatazwa kwenye kipindi watayazungumza nyuma ya madarasa, ambako hakuna anayemuuliza mwenzake "kwa nini?"

Wanaopinga hawakuanza leo. Mwaka 1975 seneta wa Marekani, William Proxmire, alizua zogo kwa kulalamikia dola 84,000 za umma walizopewa watafiti wa saikolojia wachunguze kwa nini watu hupendana. Kwake yeye, mambo mengine heri yabaki fumbo. Fumbo lina utamu wake, sikatai. Lakini fumbo hilohilo ndilo watu wanalolitumia kumfunga mwenzao mdomo: "Ungekuwa unanipenda usingeuliza."

Hivi karibuni kijana mmoja darasani kwangu alisimama akasema mpenzi asiyekuonyesha simu yake hakupendi, na wewe usipomwonea wivu, basi humpendi. Wengi wakapiga makofi. Msichana mmoja hakungoja hata kuruhusiwa: "Mlinzi wa getini anakagua mkoba wangu kila asubuhi. Naye ananipenda?" Wakacheka mpaka wakachoka, na swali bado lipo palepale. Yule kijana hakukasirika, nampa heko. Alijirekebisha, akasema labda wivu ni hofu ya kupoteza. "Kupoteza nini," akaulizwa tena, "mtu au mali?" Mimi nimekaa kimya muda wote huo. Sijui hotuba ya maadili ambayo ingewafikisha hapo.

Baadaye mwingine akadai mapenzi ni hisia, basi. Wenzake wakamletea mfano: mzee anamuuguza mkewe aliyepoteza kumbukumbu, mke hamtambui tena, naye mzee anaamka kachoka, mahaba hayamo hata chembe. Hampendi? Kundi moja likasema huo ni wajibu, kama wa nesi. Jingine likajibu kwamba nesi zamu ikiisha huenda zake nyumbani. Ndipo nilipoandika ubaoni mambo matatu ambayo mwanasaikolojia Robert Sternberg aliyataja mwaka 1986 kuwa ndiyo yanayojenga mapenzi: ukaribu, shauku na uamuzi wa kudumu pamoja. Ningeyaandika mwanzoni wangeyanakili na kunyamaza. Kwa kuwa walikuwa wameshapamba moto, wakaanza kuyapinga papo hapo: shauku imepewa kiti kikubwa mno, na heshima iko wapi? (Swali hilo la heshima nami ninalo.)

Wapo wazazi wanaosema haya ni mambo ya kuiga kwenye filamu. Mwaka 1992 wanaanthropolojia William Jankowiak na Edward Fischer walipitia taarifa za jamii 166 kutoka pande zote za dunia, wakakuta dalili za mapenzi ya mahaba katika 147. Kwa hiyo filamu huenda zimewafundisha vijana wetu jinsi ya kujitangaza, ila kupenda wangependa tu.

Sharti langu ni moja: hakuna kutaja mambo ya mtu yeyote wa shuleni, yako wala ya mwenzako. Mifano itoke kwenye hadithi tunazosoma au tuitunge wenyewe. Bila hivyo mjadala hugeuka umbea, na anayeumia ni yule mpole asiyejua kujitetea. Mwalimu naye yumo kwenye sharti hilo. Kila darasa huniuliza nilimpataje mwenzangu, nami huwajibu kwamba hilo halimo kwenye silabasi.