Nafasi kubwa kati ya aya kwenye Word

Ndugu, kama nimekuelewa, msimamizi anataka tasnifu yenye nafasi mbili kati ya mistari. Umeshaweka, lakini aya bado zinaachana mno. Hapo shida si mistari, ni nafasi baada ya aya: kuanzia toleo la 2013, Word huweka pointi 8 yenyewe. Bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+2. Halafu fungua dirisha la Paragraph (mipangilio ya aya), penye After andika 0. Usisukume maandishi kwa Enter, utalia siku ya kuhariri.

Angalizo: hifadhi nakala kwanza. Ctrl+A hubeba na majedwali, nayo yatatanuka. Yachague, uyarudishe kwa Ctrl+1. Tanbihi haziguswi. Soma pia mwongozo wa chuo chako, maana vyuo vingine hutaka moja na nusu, yaani Ctrl+5.