Jibu: AC inadondosha maji ndani na haipoozi, niongeze gesi?

Mkuu, usikimbilie gesi. Gesi ya kupoozea huzunguka ndani ya AC, haiishi kwa matumizi. Ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kutupa hela. Kwa AC ambayo umesema haijaguswa tangu mwaka jana, tena nyumba ipo kando ya barabara ya vumbi, anza na filta. Zikiziba, hewa haipiti vya kutosha, koili (mabomba ya ndani yanayopoza hewa) inaganda barafu, na ikiyeyuka ndiyo hayo maji ukutani.

Zima breka (swichi kuu ya umeme wa AC), inua mfuniko wa mbele, chomoa filta zote mbili za wavu. Zimwagie maji kwa upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia. Kama zina mafuta ya jikoni, sabuni ya maji kidogo. Maji yasizidi nyuzi joto 40, yakizidi yatapindisha fremu. Anika kivulini zikauke kabisa. Kwa vumbi la kwenu, rudia kila baada ya wiki 2.

Bado inadondosha? Bomba la kutolea maji limejaa utelezi. Lifyonze kwa mashine ya kufyonza maji kutokea mwisho wake wa nje, kisha mimina nusu lita ya maji kwenye trei iliyo chini ya koili uone kama inatoka yote. Barafu ikirudi filta zikiwa safi, hapo ndipo umwite fundi atafute uvujaji.