Kwa nini modemu ya 56K iliishia 33.6

Kaka, umeuliza kwa nini kafe ya intaneti pale Moshi ilinunua modemu ya 56K (kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya simu, cha kilobiti 56 kwa sekunde) miaka ile ya intaneti ya kupiga simu, lakini ikaendelea kuunganishwa kwa kilobiti 33.6. Usiilaumu modemu ya mteja. Tazama mitambo ya mtoa huduma ya intaneti.

Kasi ya 56 inawezekana pale tu mawimbi yanapogeuzwa kutoka dijitali kwenda analogi mara moja, kwenye laini ya mwisho inayotoka eksichenji (kituo cha simu) hadi kwako. Mtoa huduma aliyepanga modemu za kawaida kwenye rafu, kila moja na waya wake wa simu, analeta mgeuzo wa pili, na kelele ya hapo inakurudisha kwenye 33.6 ya V.34, kiwango cha modemu kilichotangulia 56K. Hata modemu zake zingeandikwa 56K, zisingesaidia kitu. Alihitaji laini ya dijitali kutoka kampuni ya simu (aina iitwayo E1, moja hubeba simu 30 kwa pamoja) pamoja na seva ya kupokea simu yenye modemu za kidijitali ndani yake. Gharama kubwa ilikuwa hapo, na wateja hawakuiona.

Tena kabla ya V.90, kiwango cha pamoja cha 56K, kuja mwaka 1998 kulikuwa na mbinu mbili shindani za 56K, x2 na K56flex, ambazo hazikuelewana kabisa. Na ukipiga kutoka Moshi kwenda namba ya Arusha, njia ya katikati ikiwa ya analogi, 56 huipati hata mtoa huduma awe na vifaa vyote. Kupakia, yaani kutuma data kutoka kwako, ndiyo kabisa, V.90 yenyewe iliishia 33.6.